Bembelezi ya Mto Tana Iliyogeuka Sala ya Taifa

Jumatatu asubuhi mjini Garsen, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya maduka, watoto wa shule hupanga mistari mbele ya mlingoti. Bendera inapandishwa, mikono imebanwa ubavuni, wimbo wa taifa unaanza. Abiria wa basi la Lamu waliosimama kunywa chai wanausikia kwa mbali wala hawageuzi shingo, maana ni ule ule unaoimbwa Kisumu, Wajir na Nairobi. Lakini hapa wimbo huo uko kwao. Tuni yake ilitoka kwa Wapokomo, watu wa kingo za Mto Tana, na kabla ya mwaka 1963 haikujua bendera wala gwaride. Ilikuwa ya kumlaza mtoto.

Walimu wa fasihi simulizi wanauita wimbo wa aina hiyo bembelezi. Kwa kawaida bembelezi haina mtunzi anayejulikana, na mwisho wake ni mtoto kulala. Huimbwa na mtu mmoja kwa sauti ya chini, maneno yakirudiwa na kugeuzwa kadiri kilio kinavyopanda na kushuka. Wimbo wa namna hiyo ndio uliochukuliwa, ukavuliwa maneno yake, ukavishwa mengine, ukapangwa kwa sauti nne na kukabidhiwa bendi ya tarumbeta. Na maneno yaliyowekwa ni sala. "Ee Mungu Nguvu Yetu" inamwita Mungu kabla ya kuitaja nchi, jambo ambalo Wakenya wengi hulisahau kwa sababu ya kuuimba wakiwa wamesimama wima kama askari.

Swali linalozaliwa hapo si geni kwa waumini. Huibuka kanisani Jumapili na kwenye maulidi usiku, pale kijana anapoweka kinanda cha umeme chini ya wimbo ambao bibi yake aliuimba bila ala yoyote. Wimbo unaohusu mambo ya Mungu ukifanywa upya, ule wa kwanza umeheshimiwa au umedhulumiwa? Tana Chini ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo, kwa sababu hapa nyimbo zimevuka mto pande zote mbili. Zipo zilizokuja kutoka Ujerumani zikaimbwa kwa Kipokomo, na ipo moja iliyotoka kwa Wapokomo ikawa ya nchi nzima.

Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, watu 5 walipewa kazi ya kuipatia nchi wimbo. Graham Hyslop alikuwa Mwingereza, mkaguzi wa muziki katika elimu. George Senoga-Zake alizaliwa Uganda na akaifanya Kenya kwao. Wengine walikuwa Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mfano wa jirani walikuwa nao: Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilichukua tuni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti huko Johannesburg aliyeitunga mwaka 1897, na ndiyo iliyobeba "Mungu Ibariki Afrika". Ule ulikuwa wimbo wa kanisa tayari. Tume ya Kenya ilishika njia nyingine, ikaenda kutafuta tuni ndani ya nyumba za watu.

Ikaipata Tana. Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo, ndiye ambaye hadi uzeeni wake alitajwa kuwa aliwapa wanamuziki hao tuni ya watu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza ikishuka na ya Kenya ikipanda, bembelezi ilisikika mbele ya umati ambao wengi wao hawakuwahi kufika Garsen maishani.

Anayetaka kujua tume ile ilifanya nini hasa, na afanye jaribio dogo. Auimbe wimbo wa taifa peke yake, polepole, midomo imefumbwa, kwa kuguna tu bila maneno. Baada ya mstari wa pili mabega yenyewe yanashuka. Tuni haipigi kelele. Imejengwa kwenye ngazi ya sauti yenye huzuni kidogo, ile ambayo nyimbo za taifa nyingi duniani huikwepa zikikimbilia shangwe na kishindo. Vipande vyake ni vifupi, kila kimoja kinatosha pumzi moja, na kila kimoja ni kama kinajibu kilichotangulia, kama mtu anayemwambia mtoto jambo moja mara ya pili kwa upole zaidi. Hayo yote ni ya bembelezi. Tume haikuyafuta, na kwa hilo inastahili sifa kuliko inavyopewa. Ingekuwa rahisi kuipinda tuni iwe ya gwaride, kuinyanyua mwishoni ili watu wapige makofi. Waliiacha na uzito wake, wakatambua kuwa sauti ya mzazi anayembembeleza mtoto usiku iko karibu sana na sauti ya mtu anayeomba.

Kilichopotea nacho kisemwe. Maneno ya Kipokomo yalikwenda yote. Uhuru wa mwimbaji ulikwenda pia, maana mlezi huvuta pale anapotaka na kukatiza pale mtoto anaposinzia, ilhali wimbo wa taifa una urefu wake, beti zake 3 na mwendo wake, na hakuna anayeruhusiwa kuuchezea. Zile sauti nne nazo, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, si za bembelezi. Zilitoka kanisani.

Na kanisa hilo halikuwa mbali.

Ngao iko jirani na Garsen, kijiji cha miembe kinachojulikana sasa kwa hospitali yake. Mwaka 1887 wamisionari wa Neukirchen, mji mdogo wa Ujerumani magharibi, walifungua kituo hapo, na Ferdinand Würtz akajifunza Kipokomo kiasi cha kuandika sarufi yake na kutafsiri Agano Jipya. Si mbali na hapo, Golbanti, Wamethodisti kutoka Uingereza walikuwa wametangulia kwa muda mfupi, na mwaka 1886 wamisionari wawili, John Houghton na mkewe Annie, waliuawa huko katika uvamizi. Baadaye kazi ya Wajerumani iliingia mikononi mwa Wamethodisti, ndiyo maana kanisa hilo lina mizizi katika vijiji vya Tana Chini hadi leo. Pamoja na kusoma na kuandika, wageni hao walileta nyimbo, na nyimbo hizo zilikuja na tuni za kwao.

Hapo ndipo palipokuwa na shida ambayo kila mwalimu wa kwaya anaijua masikioni hata kama hajaipa jina. Tuni nyingi za Kijerumani na za Kiingereza huanza na pigo jepesi, kisha zito, kwa sababu ndivyo maneno mengi ya lugha hizo yanavyotembea yakipangwa kwenye ubeti. Kiswahili na ndugu zake hutembea kwa mguu mwingine, mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mungu, Bwana, Yesu, moyo, neno: yote yanaanza na uzito. Liweke neno Mungu juu ya tuni ya pigo jepesi na zito, nalo linatoka "mu-NGU", kama linatamkwa na mgeni aliyeshuka melini jana. Vizazi na vizazi vimeimba hivyo vikazoea, hata sikio likaanza kuamini kwamba utakatifu una lafudhi ya kigeni.

Waimbaji hawakukaa kimya juu ya hilo, ila walijibu kwa midomo yao badala ya barua. Mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la nyuma katika kanisa la kijijini amesikia wazee wanavyoivuta tuni ya kigeni, wanavyoongeza sauti ndogo kati ya noti mbili ili neno lipate nafasi ya kukaa vizuri, na wanavyoanza kuitikia pale kitabu kinapotaka wote waimbe pamoja. Kwa mwenye kushika kitabu hilo ni kosa. Kwa kweli ni kazi ya ufundi, na imefanywa na watu ambao hawakuwahi kuitwa wanamuziki.

Ukilinganisha, utaona kwa nini wimbo wa taifa unakaa vizuri mdomoni. Wanaisimu wanakiweka Kiswahili kundi moja na Kipokomo, Kimijikenda, Kikomoro na Kielwana cha huko Tana Juu, wakaliita kundi hilo Sabaki, jina la mto mwingine wa pwani hii hii. Ni ndugu wa tumbo moja. Tuni iliyolelewa na lugha moja haikupata taabu kuyapokea maneno ya nduguye. Mu-ngu, ngu-vu, ye-tu: mkazo uko pale pale unapokuwa sokoni Garsen mtu akinunua mchele.

Wale wanaosema kwamba tuni ya dunia haifai kubebeshwa maneno ya Mungu wangepata majibu kwa Wajerumani wenyewe. Mwaka 1601 Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mapenzi, malalamiko ya kijana aliyechanganywa akili na msichana. Tuni hiyo ikaja kupewa maneno ya mateso ya Kristo msalabani, na Johann Sebastian Bach akaitumia tena na tena katika Mateso kwa Mathayo, kazi inayohesabiwa miongoni mwa vilele vya muziki mtakatifu wa Ulaya. Leo waumini wanaulilia wimbo huo Ijumaa Kuu bila kumkumbuka yule msichana. Bembelezi ya Tana ilipita njia hiyo hiyo, tena kwa hatua fupi zaidi, maana kati ya kumlaza mtoto na kuomba ulinzi hakuna umbali mrefu.

Kwa Waislamu wa pwani mjadala huu una historia yake, na barabara inayopita Garsen ndiyo inayoelekea Lamu, ilikotokea. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliufanya mtaa wa Langoni mjini Lamu kuwa kituo cha elimu kilichozaa Msikiti wa Riyadha. Aliwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwamo waliokuwa watumwa na wazao wao, na katika maulidi akakubali matari yapigwe. Masharifu wa zamani walipinga. Matari msikitini! Maulidi waliyoyazoea yalisomwa kwa utulivu, na kwao mdundo ulikuwa wa ngoma za mitaani. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: walikuwa wakilinda hadhi ya kisomo. Lakini Habib Swaleh hakugusa maneno. Kisomo kilichoshika pale, Simtud-Durar cha Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, kilisomwa kama kilivyoandikwa, na mdundo ukaja chini yake ukiwa umebebwa na watu ambao hadi hapo walikuwa nje ya mlango. Leo Maulidi ya Lamu huvuta wageni kutoka pwani yote, na matari yale yale yanahesabiwa kuwa mila ya kulindwa.

Hapo kuna kipimo ambacho makala hii inakishika kwa moyo wote. Wimbo mtakatifu ukifanywa upya, usiulizwe kwanza kama umebadilika, maana hakuna wimbo unaoimbwa miaka 100 bila kubadilika. Uulizwe ni nani anayeweza kuuingia sasa ambaye zamani hakuweza, na kama mwenyewe wa kwanza bado anaweza kuitikia akiusikia.

Kongo inatoa mfano unaobana zaidi. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, na kundi lake la wavulana na walimu lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin waliimba misa ya Kilatini kwa tuni na ngoma za Waluba. Maneno ya misa hayakuguswa hata moja. Muziki ulibuniwa na waimbaji wenyewe wakiimba, wakichota kwenye nyimbo za maombolezo na za kuagana. Misa Luba ikazunguka dunia kwa santuri. Kisha ikaandikwa kwa noti, na kile kilichokuwa kikizaliwa upya kila kinapoimbwa kikawa na umbo moja. Kwaya nyingi za ng'ambo ziliimba noti hizo kwa uaminifu, na kwa uaminifu huo zikapoteza jambo lenyewe. Kenya ina sehemu yake katika habari hii: Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, waliirekodi misa hiyo na santuri yao ikatoka mwaka 1990, na humo mtu anasikia waimbaji wanaojua kuitikizana bila kufundishwa na karatasi.

Roma nayo ilikuwa imesogea. Tarehe 4 Desemba 1963, siku 8 tu kabla ya usiku ule wa uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyotaka muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Tume ya wimbo wa taifa haikuhitaji hati hiyo, kazi yake ilikuwa imekwisha. Ila kukutana kwa tarehe hizo kunaonyesha kilichokuwa hewani mwaka ule.

Yapo mabadiliko yanayofanywa kwa adabu ya namna nyingine. Katika albamu iliyotoka mwaka 1994, waimbaji wanne wa Hilliard Ensemble ya Uingereza waliimba nyimbo za kanisa za karne za kale za Ulaya kama zilivyo, na Jan Garbarek wa Norway akapiga saksafoni juu na pembeni yao, akipita kama ndege ndani ya jengo kubwa. Albamu hiyo, Officium, ilipendwa mno na watu wasiokanyaga kanisani. Nyimbo za zamani zilibaki kamili, mpigaji wa sasa akasimama kando. Mpiga kinanda wa kwaya angeweza kujifunza hapo kwamba si kila nafasi iliyo tupu ni lazima ijazwe.

Na hapa ndipo sifa za tume ya 1963 zinapofika kikomo. Tuni iliheshimiwa, watu wenyewe hawakuheshimiwa kiasi hicho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja wimbo wa taifa katika Ibara ya 9 na kuuweka katika Jedwali la Pili. Jina la Wapokomo halimo humo. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Kwa hiyo nchi inakubali kwamba wimbo wa jamii una mwenyewe. Afrika Kusini ilifanya zaidi kwa Sontonga: alifariki mwaka 1905 akiwa maskini, lakini kaburi lake lilitafutwa na mwaka 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Kwa Wapokomo pangetosha, kwa kuanzia, mstari mmoja tu kwenye kitabu cha kila mtoto wa darasa la nne unaosema tuni hii ilitoka wapi.

Mstari huo ungekuwa na kazi hata Tana penyewe. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta hii yaliua zaidi ya watu 100, wakiwamo wanawake na watoto. Waorma ni wafugaji, Wapokomo ni wakulima, na mto ni mmoja. Asubuhi za Jumatatu watoto wa jamii zote mbili husimama mistari ile ile na kuimba sala inayoomba undugu na amani, na mtoto wa Kiorma huimba sauti ambayo kwa asili ni ya mlezi wa Kipokomo akimtuliza mtoto wake. Haambiwi. Ni jambo kubwa mno kwa mtoto kukua bila kuambiwa.

Pahali pa kulisema papo. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1927, lina mashindano ya nyimbo za kienyeji zilizopangwa upya kwa kwaya, na kila mwaka shule zinachukua nyimbo za arusi, za mavuno na za kubembeleza na kuzigawa kwa sauti nne. Baadhi ya mipango hiyo ni ya haraka, tuni ikipambwa hadi haitambuliki, ngoma zikiongezwa kwa ajili ya kumridhisha jaji. Iliyo bora humruhusu mwimbaji mmoja aanze peke yake, kwa lugha ya wimbo, na wengine wanaingia wakimfuata kama watu wanaoingia nyumba ya mwenzao, viatu mkononi. Washington Omondi, aliyekuwa mmoja wa wale 5, aliongoza miaka ya 1980 tume ya rais kuhusu muziki iliyotaka muziki wa jamii za Kenya ukusanywe na ufundishwe. Kazi hiyo haijakwisha.

Kwaya ya shule ya Tana ingeweza kupanda jukwaani na kuimba vyote viwili mfululizo: bembelezi kwanza, kwa Kipokomo, msichana mmoja bila ala, kisha wimbo wa taifa kwa sauti zote. Bendi ikipiga wimbo wa taifa, ngoma kubwa ndiyo inayoshika mapigo. Katika ule wa kwanza mapigo ni ya kiganja cha mlezi, kikigonga taratibu mgongo wa mtoto.